Vyuma vya Mzee Wangila

Mzee Wangila amechomelea vyuma vya madirisha hapa mtaani Katwe kwa miaka ishirini na sita, na hujisifu kwamba hakuna mwizi aliyewahi kuving'oa. Wiki ile ardhi ilipotikisika na simu zikajaa video za volkano, mimi niliwaza jambo moja tu. Bibi yangu Aol hutembea polepole, chumba chetu kina mlango mmoja, na dirishani kuna vyuma vya Mzee. Tungetokea wapi?

Nikamfuata karakanani. "Mzee, vyuma vyako vinamzuia mwizi. Na sisi je?"

Akazima mashine, akavua miwani. "Wee Anena, umeniharibia siku!" Akaiweka miwani mezani. "Kweli, mtu wa ndani sikuwahi kumfikiria."

Jumamosi akaja kwetu, akakata vile vyuma, akavitia bawaba na komeo la ndani.

"Mama, jaribu," akamwambia bibi.

Bibi akavuta komeo, akasukuma, akapitisha mguu mmoja nje. "Wangila, sasa nitatoroka kwenda disko!"

Mzee alicheka mpaka akaketi. Tangu hapo kila Jumamosi anazunguka nyumba alizozifunga kwa vyuma zamani, akizifungua kwa bawaba. Video bado zinakuja, ila mimi nalala. Asante, Mzee.