Upanga wa Grazmach na Binti wa Mshona Ala

Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja kwa hesabu ya Gondar, kule Ethiopia. La, nasema uongo, ilikuwa hamsini na tatu, maana nilikuwa nimeshapanga chumba uani kwa Dessalew, mshona ala za panga, na kengele ya kanisa la jirani ilikuwa imekwisha kupasuka.

Dessalew alikuwa mfupi, mpole, vidole vyekundu kwa rangi ya ngozi. Kila mwenye upanga mjini alimhitaji, ila hakuna aliyetaka kuoana na watu wake, kwa kuwa wanashika ngozi. Sasa binti yake Yeshareg alikuwa amependana na Tilaye, mtoto wa Grazmach Meshesha. Huyo Grazmach cheo chake hicho cha ukamanda alikipata vitani, na nadhani alilala nacho. Akakataa katakata kutuma wazee wa posa. Alisema damu ya kwao haijachanganywa na kitu, sawa na upanga wa babu yake, uliofuliwa papo hapo Gondar bila mkono wa mgeni.

Upanga huohuo akauleta ushonewe ala mpya ya Sikukuu ya Msalaba. Alipokuja kuuchukua na rafiki zake wawili, Yeshareg akawamiminia kahawa, na baba yake akautoa ukiwa bado haujarudishiwa kipini.

"Mkuu, unisamehe, mimi fundi tu," alisema. "Hizi herufi hapa kwenye mkia wa bapa, unaojificha ndani ya kipini, ni za wapi?"

Rafiki mmoja, aliyewahi kumpikia daktari wa Kijerumani, akainama akasema ni za Wajerumani.

"Basi bapa ni Mjerumani," akasema Dessalew taratibu. "Pembe ya kipini, kifaru wa Sudan. Mahameli, India. Fedha hii imeyeyushwa kutoka riale, zile sarafu zenye yule mama mnene wa Austria."

"Na cha hapa kwetu ni kipi?" akauliza yule mpishi, shavu likimcheza.

"Ngozi. Nimeishona mimi."

Grazmach akanywa kikombe cha kwanza, na cha pili. Kwenye cha tatu, ambacho ni cha baraka, akasema, "Dessalew, una maneno mengi kwa mtu mfupi."

"Ndiyo sababu, mkuu. Humu ndani hayaenei."

Juma lililofuata wazee watatu walibisha hodi. Harusini Grazmach alivaa upanga wake ubavu wa kulia kama wenziwe, akiwasimulia wageni jinsi ulivyotoka Ujerumani kumtafuta babu yake.

Ila zile herufi niliziona na mimi. Zilikuwa zinang'aa bado, kama zilizochongwa jana, na zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule, zilizoandikwa ubavuni mwa cherehani ya Dessalew. Nilimuuliza akilamba uzi autie sindanoni, na uzi ukaingia, na kazi ikaendelea: hivi, ndugu yangu, ule upanga na hii cherehani vilizaliwa nyumba moja, au ni wewe uliyevikutanisha?