Mshenga Aliyekwama kwenye Gemu

Mimi Tumpale, fundi cherehani wa Vwawa, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nilichelewa kupeleka posa kwa sababu ya gemu. Cheka ukitaka. Mimi nimeshindwa kucheka mpaka leo.

Mpwa wangu Brayan alinichagua niwe mshenga wake kwa Goodness, binti wa Mzee Yonasi wa Mlowo. Tulipewa saa tano asubuhi. Brayan alinisihi, "Mjomba, usichelewe. Yule mzee alishamrudisha mshenga mmoja kwa kuja amelewa." Nikamwambia, "We, hunijui mimi?" Saa nne kasoro nilikuwa nimeshashuka stendi ya Mlowo, suti imenyooka, barua ya posa mfukoni.

Basi, sauti ndiyo iliyoniponza. Tu-tu-tu-tiuu, ikitoka ndani ya duka la simu. Ningeitambua hata usingizini, maana ujana wangu uliishia Tunduma, mbele ya kasha la gemu kama lile, lililovushwa mpaka kutoka Nakonde. Kandege kako kapo chini, wadudu wanashuka kwa mistari, una stiki moja na kitufe kimoja cha kufyatulia. Hakuna hadithi, hakuna maelekezo. Wanangu wana magemu ya simu yenye watu wanaotoka jasho kabisa, na bado wanacheza huku wanapiga miayo. Lile kasha halikupi nafasi ya miayo. Unakufa upesi, na kila ukifa unajua kosa lilikuwa lako, na unaapa safari hii hulirudii.

Nikasema mara moja tu. Vidole havikuwa vimesahau kitu! Mwisho kioo kikaonyesha walioongoza, herufi tatu tatu za majina yao, na mimi nimekosa nafasi kwa pointi chache. Nani angeondoka hapo? Nilipoandika TUM pale juu kabisa nilipiga kelele, nikageuka nipate wa kumwonyesha, nikaona saa ya ukutani. Saa nane na robo. Simu ilikuwa imeita mara kumi na moja mfukoni, sikuisikia.

Kwa Mzee Yonasi, wazee walikuwa wamekaa na njaa, kwa sababu kwao chakula hakiguswi kabla mshenga hajasema neno. Mzee akaniuliza kwa upole, "Kulikoni, baba?" Ningesema ukweli, posa ingefia palepale. Nikajibu, "Mama yangu kazidiwa ghafla."

Lo! Wakasimama wote. Mzee Yonasi akavua kofia, wakamwombea mama kwa jina, Tulinagwe, Tulinagwe, mpaka Mama Goodness akalia. Posa ikapokelewa, tena kwa heshima ya mtu aliyemwacha mgonjwa kitandani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama sikumwambia. Nilidhani yameisha. Mjinga mimi! Nimezaliwa hapahapa Mbozi, nisijue kwamba mgonjwa akishaombewa lazima watu waje kumwona?

Jumamosi wakaja, Mama Goodness na wenzake wanne, na kuku, na unga, na chupa ya uji. Mama alikuwa uani anapasua kuni. Nikazunguka nyuma mbio, nikamweleza yote harakaharaka, posa, uongo, gemu.

Alinitazama. "Gemu?" akauliza. "Tumpale, gemu?"

Kisha akaweka shoka chini, akaingia ndani, akajifunika blanketi. Mama yangu, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini, akakohoa. Alipoulizwa hali akajibu, "Naendelea vizuri, wanangu. Sala zenu zimenifikia."

Walipoondoka hakunigombeza. Bora angenipiga. Alisema tu, "Brayan asijue," akarudi kwenye kuni zake.

Kesho yake kanisani ilikuwa Meza ya Bwana, na kwetu mwenye dhambi moyoni hali ule mkate. Mama hukaa benchi la mbele, nami pembeni yake. Mkate ulipomfikia alitikisa kichwa, akauacha upite. Miaka yote sijawahi kumwona akiuacha. Nyuma yetu wakaanza kunong'ona: Mama Tulinagwe naye, kafanya nini? Aliinamisha kichwa.

Mkate ukafika kwangu. Niliona macho ya kanisa zima yako kwenye benchi letu, nikaogopa nikiuacha na mimi wataulizana mimi nami nimefanya nini. Nikauchukua, nikala.