Bushi za Gari la Baba Mdogo

Mwaka jana nilirudi Sumbawanga kwa msiba, na nilipokuwa napita mtaa wetu wa zamani nikakuta vijana wa gereji wanachoma mpira. Nikasimama. Sijui, ndugu yangu, kama wewe unayo harufu ya kukurudisha kwenye umri wa miaka tisa. Yangu ni hiyo.

Sisi tulikuwa watu wa duka na lori. Baba alikuwa akipeleka chumvi na nguo Mpui, akirudi na mahindi na ulezi. Mdogo wake, baba mdogo, alikuwa na gari la spoti jekundu la milango miwili, aliloachiwa na bwana kilimo mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao. Hata wakati huo lilikuwa limezeeka. Lilikuwa chini mno, likikwaruza kila tuta, na watu wa sokoni walisema linatembea kwa magoti. Bushi zake za nyuma, vile vipande vya mpira vinavyozuia vyuma kugongana, zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo likawa na sauti yake: mlio mrefu mwembamba, kisha kishindo kimoja kizito. Bibi, ambaye mtoto wa jicho alishamfunga macho, aliusikia mlio ule gari likiwa bado mbali kwenye barabara ya Mpui.

"Huyo anakuja," alikuwa akisema, na hapohapo anafunika sahani ya ugali wa ulezi na samaki wa ziwani, anaiweka karibu na jiko la mkaa.

Baba mdogo alifariki kwa homa bondeni, Mtowisa, wakati wa masika. Barabara ilikuwa imekatika, akazikwa hukohuko. Bibi hakushika hata pindo la sanda. Arobaini ilipopita, baba alikwenda kulichukua gari. Alipoingia nalo mtaani, bibi alikuwa keshafunika sahani.

Ikawa hivyo miezi na miezi. Baba akirudi na lile gari huingia, huketi karibu naye, na kumwambia taratibu, "Mama, ni mimi."

"Wewe nimekusikia," bibi humjibu. "Na yeye?"

Mwishowe baba akamwita fundi. Gari nalo lilikuwa limeanza kutisha. Kwenye kona mkia ulikwenda unakotaka wenyewe. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse bushi za gari la namna ile, kwa hiyo fundi alisema atachonga nyingine kutoka kwenye mpira wa bushi kuukuu za lori. Akaliinua gari, akaliweka juu ya magogo, akatoa magurudumu na ile mikono ya chuma inayoyashika kwa nyuma, akauchoma mpira wa zamani mpaka ukaachana na chuma. Ua wote ulinuka.

"Bibi akikuuliza habari za mlio, mwambie hujasikia kitu," baba aliniambia. "Tusimlishe matumaini." Kisha akaenda dukani.

Ilikuwa Jumapili. Wakati huo, Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani ili kubana petroli. Mji ulikuwa umenyamaza. Upepo wa baridi ulikuwa ukisukuma maganda ya mahindi uani, fundi ametoka misa anachonga mpira kwa kisu, mimi na bibi tuko mkekani.

Ndipo tukausikia. Mlio mrefu mwembamba, kisha kishindo, kutoka upande wa Mpui. Ukaja tena, karibu zaidi. Hapakuwa na ngurumo ya injini, hapakuwa na vumbi. Nililitazama gari letu: liko juu ya magogo, halina magurudumu. Kisu cha fundi kilikuwa kimesimama. Mlio ulifika kwenye kona ya duka, mahali baba mdogo alipozoea kuegesha, ukakoma.

Bibi alifunika sahani, akaiweka karibu na jiko. Kisha akanigeukia.

"Mjukuu wangu, umesikia?"

"Sijasikia kitu, bibi."

"Na wewe, fundi?"

"Mama, masikio yangu yamejaa nyundo," fundi alisema, na nyundo yenyewe ilikuwa bado mkobani.

Bibi aligeukia jiko. Kisha akapapasa, akaipata sahani, akaifunua na kuisogeza mbele yangu.

"Basi kula wewe."

Nikala. Samaki alikuwa bado wa moto.

Magharibi fundi alizipaka bushi sabuni, akazibana kwa jiliwa mpaka zikaingia. Kuanzia siku ile gari lilipita kimya kama gari la mtu yeyote. Bibi hakufunika sahani tena, wala hakumtaja mwanawe mbele yangu mpaka alipofariki. Fundi nilikuwa nikikutana naye sokoni. Nampa shikamoo, anaitikia, anaangalia pembeni.

Sasa barabara ya Mpui ni lami na bodaboda hazinyamazi. Gari liliuzwa chuma chakavu. Baba hayupo, fundi hayupo. Nimekuwa mtu mzima wa kuweza kusema ndiyo, bibi, nilisikia, na hakuna tena wa kuniuliza.