Vitabu Vitatu vya Gari la Mzee Premji

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipa kitabu kizima, kizuri, akaniambia nikibomoe. "Huwezi kukivisha nguo hujakiona uchi," alisema, wanaume wakacheka, nami nikanuna mpaka saa ya chakula. Kazi yenyewe ilikuwa kujalidi, yaani kurudishia mishono na majalada vitabu vilivyochakaa, katika kiwanda kimoja cha uchapaji hapa Dodoma mjini. Kufikia jioni nilijua kwamba kitabu cha kweli ni mafungu ya karatasi zilizokunjwa, kila fungu limetobolewa kwa msharasi na kushonwa kwa uzi uliopakwa nta. Gundi huja mwisho. Ile yetu ilikuwa uji wa unga wa ngano, na panya waliipenda kuliko sisi.

Baadaye nilipelekwa Bahi kwa msimu mmoja, kutengeneza vitabu vya shule ya misheni. Mvua zilikuwa nyingi, watu wanavua kambare mbugani, na vitabu vimeota ukungu. Msimamizi wangu alikuwa Sista mmoja mkali. Mjini nilizoea karatasi kavu inayokatika ukiikunja. Kule ilikuwa laini kama kitambaa. Sista aliniambia, "Mwaja, karatasi inakunywa hewa. Ujue kwanza kama ina kiu au imeshiba, ndipo uiguse." Nilimwona mama wa maneno mengi tu, nikarudi zangu mjini.

Miaka ikaenda, wenzangu wakastaafu mmoja mmoja, nami nikawa mkuu wa chumba cha kujalidi, maana yake mkuu wa mimi mwenyewe. Ndipo alipokuja Mzee Premji, muuza vipuri wa Majengo, akiongozwa na mwanawe Naresh. Naresh alinipa shikamoo, akaweka mezani vitabu vitatu vilivyoliwa na mchwa. Vilikuwa historia ya kampuni moja ya Uingereza iliyotengeneza magari ya kifahari. Gari la namna hiyo lilikuwa uani kwao mtaa wa Kikuyu, limerithiwa kutoka kwa babu yake Naresh, na lilikuwa halijawaka tangu Naresh akiwa mtoto.

"Mama, macho yangu yanaondoka," Mzee Premji aliniambia. "Daktari hanifichi. Nataka nilione likitembea kabla hayajazimika."

Fundi wa kulijua gari lile hakuwepo. Walichokuwa nacho ni michoro ya kitabu cha pili: karatasi ndefu zilizokunjwa mara tatu, kila moja na gari lake, zinaonyesha kila waya na kila bomba. Nilipokuwa nikishona nilivisoma vitabu vile vipande vipande, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nilijifunza kwamba zamani kampuni iliuza injini na chesisi tu, halafu mteja akatafuta mafundi wa kumtengenezea bodi, kama sisi tunavyonunua kitambaa tukapeleka kwa fundi cherehani. Nilifurahi mno kujua hilo, hata sijui kwa nini.

Shida ilikuwa Meneja. Sheria ya kiwanda ilisema kila kitabu kikatwe pande tatu kwa mashine kabla ya kutoka, kingo ziwe laini.

"Meneja, michoro imefika ukingoni kabisa," nilimwambia. "Kisu kitakata mikunjo. Mchoro mmoja utakuwa vipande vitatu."

"Usipokata, kitaonekana kama mtu aliyetoroka kwa kinyozi nusu kichwa," alijibu. "Jina la kiwanda linakwenda nacho. Tafuta njia, la sivyo nakikata mwenyewe."

Njia ilikuwa moja: kuikunja michoro upya, iingie ndani upana wa kidole. Lakini karatasi ile ya kale, katika ukavu wa Dodoma, ingekatika palepale kwenye mkunjo mpya. Nilikaa na hasira mpaka nikamkumbuka Sista. Nikatafuta boksi, nikaweka chini kitambaa chenye maji, juu yake waya wa chujio, na juu ya waya michoro. Nikafunika. Ningeiacha kidogo, ingekatika. Ningeizidishia, wino ungetambaa. Kila mara nilifunua na kuigusa, naomba Mungu. Ilipolegea niliikunja kwa mfupa wangu wa kukandamizia, nikaushonea kila mmoja kwenye ukanda mwembamba wa kitambaa mgongoni, ili ufunguke bila kuvutika.

Meneja alishusha kisu mwenyewe. Nilifumba macho. Alipofungua kitabu, michoro ilikuwa mizima. "Haya, Mama Mwaja," alisema. "Lakini usiniletee gari jingine."

Miezi kadhaa baadaye Naresh alinipitia Jumapili baada ya ibada, akiwa na gari lenyewe. Baba yake amekaa mbele, nami nikapanda nyuma kama mke wa gavana. Tulipofika karibu na soko la Majengo gari likakohoa, likazima. Bodaboda na bajaji zikatupigia honi. Mzee Premji aliomba kitabu cha pili, akautandaza mchoro juu ya madigadi. Upepo ukauvuta kwa nguvu. Mshono ulishika. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, kidole kikafuata mstari. "Nyuma ya pampu, Naresh. Waya umechomoka."

Injini ilipowaka hakupanda. "Nenda nalo mpaka kule mbele, urudi," alimwambia mwanawe. "Ndani nimekaa tu, sijaliona." Gari likaenda na kurudi, naye amesimama kando ya barabara, kitabu kifuani, analia bila kujificha. Nami nililia.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Meneja aliajiri mabinti wawili katika kile chumba cha kujalidi, nao hupita kwangu kuuliza mambo ya boksi na kitambaa. Macho ya Mzee Premji yamekwisha kabisa sasa. Jumapili mimi huenda Kikuyu kumsomea historia ile, natafsiri nilivyoelewa, naye ananisahihisha bila huruma. Tukifika kwenye michoro ananizuia nisiseme kitu. Hupapasa mikunjo niliyoikunja, polepole, kisha ananiambia ni gari lipi.