Kinyozi Aliyejaribu Kila Wembe Kwenye Mkono Wake

Saa moja kasoro robo asubuhi. Kinyozi anafungua kufuli mbili za kibanda chake, anafagia sakafu aliyoifagia jana jioni, anapangusa kioo kwa kipande cha gazeti kilicholoweshwa, kisha anavaa shati jeupe la mikono mirefu juu ya fulana. Anafunga vifungo vyote, mpaka vile vya kwenye vifundo vya mikono. Jua bado halijapanda sawasawa, lakini bati la paa limeshaanza kutema joto.

Mteja wa kwanza, dereva wa lori, anaketi na kumtazama kwenye kioo.

"Wewe Taratibu, na shati hilo unatunyoa au unaenda kuposa?"

"Kunyoa ni kazi ya heshima, bwana."

"Heshima gani inayotoa jasho hivyo?"

Wawili walioko kwenye benchi wanacheka. Kinyozi naye anacheka, ila mkono wake wa kulia unashuka kukagua kama kifungo cha mkono wa kushoto bado kimefungwa. Chini ya kitambaa hicho kuna kiraka cha ngozi, upana wake kama kiberiti, ambacho kwa miaka ishirini na miwili hakikuwahi kuwa na nywele. Sasa zimeota. Akizitazama anatamani ardhi ipasuke immeze.

Leo ni Ijumaa, na saa nne atakuja mtu mmoja ambaye kinyozi amemkwepa kwa miezi minne. Si kwamba anamkwepa kwa miguu. Anamnyoa kila wiki. Anachokwepa ni kumwambia.

Jina la Taratibu alipewa na wateja wake. Mtaani kuna utani kwamba ukienda kunyolewa kwake, uage nyumbani vizuri. Kwa siku hunyoa vichwa kumi na vitano kwa mashine, na ndevu nne au tano kwa wembe. Kinachobaki baada ya kodi ya kibanda na umeme kinatosha chakula na karo, tena kwa kubanana. Lakini katika ndevu hana mpinzani. Watu humsifu kwamba hajawahi kumkwangua mtu.

Sifa hiyo ilikuwa na siri yake. Fundi aliyemfundisha kazi alimwachia msemo mmoja: wembe usioujaribu kwako, usimpelekee mtoto wa mwenzio. Basi kila alipoutoa wembe mpya kwenye karatasi yake, aliupitisha kwanza kwenye mkono wake wa kushoto, mara mbili, akisikiliza unavyokata. Ukikwaruza, aliutupa. Ukiteleza, aliupeleka kwenye shavu la mteja.

"Wateja walipenda sana kuona vile," analiambia gazeti hili. "Mtu anasema, huyu anatujali, anaanza na ngozi yake mwenyewe. Na mimi nikawa naringa na mkono huu."

Mara mojamoja wembe ulimchana kidogo, kitone cha damu kisichozidi kichwa cha pini. Alikipangusa kwa kidole gumba, kazi ikaendelea.

Miaka miwili na nusu iliyopita, shemeji yake alijifungua kwa upasuaji na familia ikaombwa kuchangia damu. Kinyozi alikuwa wa kwanza kukunja shati. "Mimi ninayo ya kugawa," aliwatania ndugu kwenye foleni, "nyie wembamba kaeni pembeni."

Baada ya siku chache aliitwa kwenye kituo cha kuchangia damu. Mhudumu alimwingiza katika chumba kidogo chenye mizani na kalenda ya mwaka uliopita, akamweleza kwa upole kwamba damu yake haiwezi kutumika. Ina virusi vya homa ya ini aina ya B. Arudi baada ya miezi sita apimwe tena, kwa sababu virusi hivyo vikikaa mwilini kuzidi muda huo, huhesabiwa kuwa vya kudumu. Na aje na mke na watoto.

"Nilisikia neno moja tu, virusi. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile."

Hakuwa na homa. Macho yake hayakuwa ya manjano, na chakula alikula kama kawaida. Ndugu walipouliza, aliwaambia damu yake ilikutwa pungufu. Kwa huruma yao wakaanza kumletea mboga za majani na maini ili aongeze damu.

"Naumwa ini, naletewa maini," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka kwa dhati. Kicheko hakidumu. "Niliyala yote. Ningesema nini?"

Kituoni hakurudi. Badala yake alijitungia kinga yake mwenyewe. Alinunua kikombe cha bluu, sahani na kijiko, akawa anavitumia peke yake, anaviosha peke yake na kuvificha nyuma ya ndoo. Aliacha kula sahani moja na watoto. Kitinda mimba wake, aliyezoea kumrukia shingoni, alikuwa akizuiwa kwa mkono kama mlango. Alilala kwenye kochi kwa kisingizio cha mgongo.

Mke wake, mshonaji wa sare za shule, alivumilia miaka miwili.

"Nilijua nimeshachokwa," anasema huku akikata uzi kwa meno. "Mume akianza kujioshea sahani, ujue kuna mahali anaoshewa."

Asubuhi moja, miezi minne iliyopita, alikichukua kile kikombe cha bluu, akakijaza chai, akakipeleka mdomoni huku akimtazama mumewe machoni. Kinyozi aliruka akakipiga kofi. Kikombe kikagonga mguu wa cherehani na kuvunjika. Watoto waliacha kutafuna.

"Sasa sema, baba watoto," mke alimwambia. "Mbele ya vigae hivi, sema."

Akasema.

Mke hakulia. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, mkono kwenye gurudumu. "Miaka miwili nagombana na mwanamke ambaye hayupo," alisema. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akawaambia wote wavae viatu.

Kwenye kituo cha afya walipokewa na muuguzi wa makamo ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Damu ilichukuliwa. Watoto walikuwa salama, kwani walichanjwa wakiwa wachanga. Mke hakuwa na virusi, akaanza chanjo siku hiyohiyo. Amedungwa sindano mbili, imebaki ya tatu. Kinyozi alikuwa navyo bado, na sasa hapakuwa na shaka kwamba ni vya kudumu. Vipimo vingine vilionyesha ini lake halijaharibika, kwa hiyo hakuhitaji dawa kwa wakati ule. Aliambiwa aachane na pombe na awe anapimwa kila miezi sita.

"Wapo wanaohitaji kidonge kila siku, wapo wanaokaa miaka mingi bila kukihitaji," muuguzi alimweleza. "Kwa kumtazama mtu usoni hatuwezi kujua. Ndiyo maana tunapima."

Alimweleza pia kwamba wengi wenye virusi vya kudumu walivipata wakati wa kuzaliwa au wakiwa watoto wadogo. Hapo kinyozi alikasirika. Mama yake amelala kaburini mwaka wa tisa huu. "Sitaki kusikia alinipa na hili," alimjibu. Muuguzi hakubishana naye. Alisema tu kwamba mama, kama ndivyo, naye hakujua.

Ndipo kinyozi, akitaka angalau aonekane mtu mwenye akili, alipoanza kueleza namna alivyoilinda familia yake: kikombe, sahani, kijiko, kochi. Muuguzi alitikisa kichwa. Virusi hivi haviambukizwi kwa chakula, wala kikombe, wala kumkumbatia mtoto. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Tone dogo la damu, hata lililokauka, linaweza kuwa na virusi hai kwa siku saba.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Kinyozi."

"Na wembe? Kila mteja na wake?"

"Kila mteja wembe mpya," alijibu kwa fahari. "Tena naujaribu kwanza kwenye mkono wangu."

Akakunja shati akamwonyesha. Muuguzi alikitazama kile kiraka, halafu akavua miwani.

"Sikungoja aseme," kinyozi anakumbuka. "Alivua miwani tu. Mimi mwenyewe ndipo nikasikia nilichosema. Nilitenga kijiko, nikagawa wembe."

Kuanzia siku hiyo hajaujaribu tena wembe mkononi, na kuanzia siku hiyo anavaa mikono mirefu. Muuguzi alimwambia ukweli mtupu: huenda hakumwambukiza mtu yeyote, huenda amemwambukiza, na watu wazima wengi wakipata virusi hivi miili yao huvifukuza yenyewe. Kitakachosema ni kipimo, na kipimo hakiwezi kufanywa na mtu asiyejua kwamba anatakiwa kupimwa.

Kinyozi alitaka kunyamaza. Anakiri hilo bila kuficha. Aliyemzuia ni mkewe.

"Mimi umeniambia kwa sababu kikombe kilivunjika," alimwambia. "Wao unasubiri kivunjike nini?"

Wateja wake wa kudumu wa wembe ni kumi na mmoja. Ameshawaambia kumi, mmojammoja, nyuma ya kibanda. Mmoja alimtukana tusi ambalo kinyozi anakataa kulirudia, anasema alistahili. Wawili wamehamia kwa kinyozi mwingine. Muuza samaki alicheka akasema mjini kuna mengi ya kuua mtu, hili litasubiri foleni. Kinyozi humfuata gengeni kila wiki kumkumbusha. Sita wamekwenda kupima.

Wa kumi na mmoja ni Mwalimu.

Mwalimu amestaafu. Kila Ijumaa saa nne, kwa miaka kumi na minane, amekaa kwenye kiti hiki, akaegemeza kichwa na kufumba macho. Ndiye aliyemfundisha kinyozi kusoma. Hata ubao wa kibanda aliuandika yeye, kwa mwandiko wake wa darasani.

Anafika na gazeti lake kwapani, anaketi, anafumba macho. Kinyozi anampaka povu, shavu moja, shavu la pili. Anachukua wembe. Anauweka chini.

"Mwalimu, kabla sijakugusa, nina neno."

Analisema lote bila kupumzika, kuanzia damu ya shemeji mpaka miwani ya muuguzi. Mwalimu hafumbui macho.

"Ulijua lini?"

"Miaka miwili na nusu sasa, Mwalimu."

"Wembe uliacha lini kuujaribu?"

"Miezi minne iliyopita."

"Hapo katikati kuna Ijumaa ngapi?"

Anauliza kama aulizavyo mwalimu wa hesabu. Kinyozi anainamisha kichwa. Jibu analo, ameshazihesabu kitambo.

"Mia moja na kumi na tatu."

Mwalimu anafumbua macho. Anatoa leso yake mfukoni, anajifuta povu mwenyewe, anachukua gazeti na kutoka. Haagi. Kinyozi anabaki ameshika brashi, na walioko kwenye benchi wanajifanya wanatazama barabara.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, kibanda kimefungwa. Kinyozi ameketi kwenye benchi la kituo cha afya, amevaa shati lake la mikono mirefu. Hakuna aliyemwita. "Mwalimu asipokuja, nitakuwa nimekaa tu," anasema. "Akija, asikae peke yake."

Saa tatu na nusu Mwalimu anaingia, kidevu kimejaa ndevu nyeupe za siku kumi. Anaketi mwisho wa upande wa pili wa benchi. Katikati yao kuna mama na mtoto mchanga aliyeletwa kwa chanjo. Mama anapoitwa ndani, benchi linabaki na watu wawili na nafasi kubwa.

"Nilikuwa napenda kukuona ukiujaribu," Mwalimu anasema, akitazama mbele. "Nilikuwa nakusifia kwa watu."

Kinyozi anageukia ukutani. Machozi yanamtoka, na hayafuti.

Majibu ya Mwalimu ni ya Mwalimu mwenyewe, na gazeti hili halitayaandika. Kinachoweza kuandikwa ni kwamba alipotoka alisimama mbele ya kinyozi na kujipapasa kidevu.

"Ijumaa saa nne," alisema. "Na usichelewe kufungua."

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao vinyozi thelathini na wanne wa eneo hili watakutana katika mkutano wao wa kawaida. Muuguzi amekubali kwenda na vipimo, na wasio na virusi wataelekezwa kwenye chanjo. Kinyozi ameomba azungumze kwanza. Wengi wao, anasema, bado wanajaribu wembe mkononi, na wateja bado wanawasifia.

"Sita kati yao nimewafundisha kazi mimi," anasema. "Msemo ule wa wembe wameupata kwangu."

Na akisimama pale ulimi ukakataa, atafanyaje?

"Nitakunja shati," anasema. Kidole chake kinakigusa kifungo cha mkono wa kushoto, kinakizungusha kidogo, kisha kinakiacha kilivyo. "Siku hiyo nitakunja."