Leso Kwenye Benchi la Tatu

Mama yangu, Pascalia, fundi wa nguo hapa Magogoni, hakuwahi kukosa kanisa. Magoti yalipoanza kumsumbua, nikajiona mjanja, nikamnunulia simu kubwa. "Fuata ibada humu, mama. Mungu ni yule yule."

Alinisikiza mara moja tu. Jumapili hiyo aliteleza jikoni, akaumia nyonga, asiweze kuinuka.

Kila wiki mama hutangulia kanisani, akamwekea shoga yake Roseline nafasi kwa leso. Siku hiyo Roseline alikuta benchi tupu. Hakungoja mahubiri, alitoka na wanakwaya wawili, wakaja kuvunja mlango.

"Simu yako ilihubiri mpaka mwisho," mama aliniambia hospitalini. "Haikuniuliza mbona niko chini."