Unga Usoni mwa Mama

Juzi niliiona tena kaseti aliyoitumia Papa kujaribia kamera yake ya kupigia arusi, kule Kalemie. Mchana ule madirisha yalifungwa kwa kuogopa askari, na chumba kilinuka ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani. Mama alishika kitenge chekundu, Papa akakilinganisha na kile kilichoonekana kwenye televisheni aliyoiunganisha na kamera.

"Rangi njo yenyewe," alisema Papa, akiridhika kuwa zimelingana. "Lakini sura iko na chengachenga nyeupe."

Nilidhani ni unga, maana Mama alikuwa ametoka kutwanga muhogo. Nikamfuta mashavu kwa kitambaa chenye maji.

"Imetoka, Papa?"

"Bado, mutoto wangu. Futa tu."

Leo najua giza la chumba ndilo lililoitia picha ya kamera chenga zile, na Papa alijua siku ileile. Aliiacha kaseti izunguke kwa sababu Mama alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu vita iingie mjini.